Mchezo wa Vidole Vinne

Usukani wa Landrova ulikuwa na mchezo
wa vidole vinne. Nilipima mwenyewe kwa chaki
juu ya ule mduara mweusi uliopasukapasuka:
kutoka hapa hadi hapa unazungusha bure,
matairi hayana habari.

Miaka kumi na moja Mhina aliliendesha hivyo hivyo.
Kona ya Barabara ya Nane aliianzia kwenye ya Saba.
Wenye baiskeli wa Ngamiani walimjua:
wakiisikia injini wanashuka, wanaegemea ukuta,
ndipo wanamwamkia.
"Gari hili haliumwi," alikuwa akisema,
"linataka tu kuambiwa mapema."

Eda ilipokwisha nikalipeleka Gofu, kwa Shekue,
kijana wa mkono wa kushoto,
gereji yake haina mlango na kikombe chake hakina mkono.
Fundi wa kwanza, yule wa Chumbageni,
alishaniambia ni kazi ya dakika tano:
kuna skrubu juu ya boksi la stelingi,
unakaza, unalipa, unakwenda.
Shekue alicheka muhogo ukiwa bado mdomoni.
"Mama, huko ni kumfunga mgonjwa mdomo
ili asikohoe."

Akatandika gunia, akaingia chini.
"Panda. Tikisa. Kidogo kidogo, kulia, kushoto. Usichoke."
Nikatikisa.
Huko chini mkono wake ulipita fundo kwa fundo
kama wa mkunga:
hapa mtikisiko umefika,
hapa umefika,
hapa umeingia, haukutoka.
"Tairodi ya kushoto imekufa," akasema.
"Na mwenzake anakata roho."
Mpira umechanika, grisi imegeuka tope gumu,
labda vumbi la Pongwe lile,
la enzi gari lilipokuwa mali ya shamba la mkonge
likibeba makarani na mishahara.
Nati ilikataa. Mafuta ya taa, ikakataa.
Akashika nyundo mbili, moja huku, moja huku,
akazigonganisha jicho la chuma likiwa katikati,
na tairodi ikadondoka kimya,
kama jino la mtoto.

Nilitikisa mpaka adhana ya alasiri.

Boksi aliligusa mwisho.
"Unajua kwa nini huliwa katikati?"
Sikujua.
"Barabara nyingi zimenyooka, mama.
Meno ya pembeni bado yana makali yake,
ya katikati ndiyo yaliyobeba kila siku.
Nikikaza mpaka katikati paridhike,
kona ya kwanza litakukaba."
Akazungusha skrubu robo, akarudisha kidogo, akafunga.
"Nimekuachia kidole kimoja. Usije ukanidai.
Usukani usio na mchezo hata chembe
humchosha mtu."

Laki moja na ishirini. Grisi nilinunua mwenyewe.
Ile chaki aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta
kabla sijamwambia aiache.

Nikatoka saa kumi na moja na robo.
Na mikono yangu, iliyokaa kiti cha pembeni miaka yote ile
ikimwigiza mwenye gari juu ya mapaja,
ikaianzia kona ya Nane kwenye ya Saba.
Gari likatii.
Papo hapo, bila kuuliza,
likatia pua kwenye magunia ya mkaa ya Bi Chausiku.

Mwenye baiskeli mmoja
alikuwa ameshaegemea ukuta, kwa adabu ya zamani.
Akatazama mkaa, akanitazama mimi.
"Limepona?"
Nikasema limepona.

Nikalipia gunia lililopasuka.
Nikarudi nyuma, nikanyoosha matairi,
nikaenda polepole, mikono imetulia,
nikaisubiri kona
mpaka ikafika yenyewe.